*RAMADHANI 10: Siku ulimi wa Imam Ghazali ulipofunga*

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, na ninyi vijana wetu mliotawanyika vyuoni, kumi la rehema ndilo hilo linatuaga leo. Allah atukubalie tuliyoyatanguliza. Darsa ya leo ni ndefu kidogo. Soma nusu sasa, nusu nyingine ukisubiri adhana ya magharibi.

Tarehe kama ya leo, 10 Ramadhani mwaka 485 Hijria, yaani Oktoba 1092, waziri mkubwa wa dola ya Waseljuki, Nizam al-Mulk, aliuawa kwa kisu akiwa safarini kutoka Isfahan kwenda Baghdad. Waziri huyu ndiye aliyejenga vyuo vilivyoitwa Nizamiyya. Mwaka mmoja tu kabla ya kuuawa, alimteua mtu wa miaka 33 kwenda kusomesha katika Nizamiyya ya Baghdad, chuo mashuhuri cha zama zile. Mtu huyo ni Abu Hamid Muhammad al-Ghazali. Sisi tunamjua kama Imam Ghazali, mwenye kitabu cha Ihya. Vitabu vyake vimesomeshwa Lamu na Zanzibar kwa miaka mingi, na masheikh wetu wengi wamepitia mikononi mwa waliovisoma huko.

Lakini leo nataka tumtazame upande ambao hatuutaji sana msikitini. Nataka tuongelee kipindi aliposhindwa kusomesha, akashindwa kula, mpaka matabibu wakanyoosha mikono.

*Kwa nini nimemchagua*

Niseme ukweli wangu kwanza. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada. Nimemwomba ruhusa niliseme hili na amekubali, ila jina lake tuliache. Ramadhani moja alirudi nyumbani Musoma kutoka chuo, katikati ya muhula. Jioni tunafuturu, uji upo, mihogo ipo, samaki wa ziwani yupo, yeye anashika tende moja anaizungusha mkononi. Usiku halali. Ukimsalimia anajibu, halafu kimya.

Nikamwita pembeni. Nikamwambia asome Qur'an zaidi, imani yake imeshuka, ndiyo maana. Akaitikia kwa adabu, Ndiyo mjomba, akaondoka. Nikajiona nimemaliza kazi.

Siku tatu baadaye mama yake alinipigia simu usiku analia. Kijana alikuwa amemweleza kwamba akilala huwa anatamani asiamke. Alikuwa na sapu mbili, anaogopa disko, na pesa ya mkopo, lile bumu, ilikuwa imekwisha zamani. Mama yake anauza dagaa Mwigobero, na yeye alikuwa anajua kila shilingi ya pale imetoka wapi. Akaona heri asiseme. Na alipojaribu kukaa na mimi, mjomba wake ninayesimama mbele za watu na kuwawaidhi, nilimfungia mlango kwa neno moja: imani.

Kwa hiyo darsa hii naiandika kama mtu aliyekosea. Tusome maisha ya Imam, ndipo tutaona kosa liko wapi.

*Yatima mwenye njaa*

Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo leo ni upande wa kaskazini mashariki wa Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa msokotaji wa sufu, mtu masikini. Alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na mdogo wake Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo. Akiba ilipokwisha, yule rafiki hakuwa na kitu. Akawashauri waingie madrasa, kwa sababu kule mwanafunzi alikuwa anapata chakula.

Mnaona? Mmoja wa wanazuoni wakubwa wa umma huu aliingia madrasa akitafuta tumbo lishibe. Kijana unayesoma Chuo cha Ualimu Bunda, au Maendeleo ya Jamii pale Buhare, au chuo kikuu cha kilimo na teknolojia hapo Butiama, kama unaona aibu kwamba unasoma ili upate ajira uwasaidie wazazi, huko si pabaya pa kuanzia. Nia inaweza kusafishwa njiani.

Akiwa bado kijana alisafiri kwenda Jurjan kusoma, akaandika madaftari ya masomo yake. Wanahistoria wanasimulia kwamba wakati wa kurudi, wanyang'anyi waliuteka msafara. Yeye akawafuata nyuma akiwaomba wamrudishie madaftari tu, maana hayana faida kwao. Mkuu wa wanyang'anyi akamcheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwizi akichukua begi inaondoka nayo. Akamrudishia. Ghazali alilichukua neno lile kama mawaidha kutoka kwa Allah kupitia mdomo wa mwizi, akakaa miaka mitatu kuyahifadhi yote aliyoandika.

Aliyewahi kuibiwa laptopu yenye ripoti yake ya utafiti wiki moja kabla ya kuikabidhi, anaielewa habari hii vizuri kuliko mimi.

*Juu ya kilele*

Baadaye akaenda Nishapur kusoma kwa Imam al-Juwayni, anayejulikana kwa lakabu ya Imamu wa Haramayn. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1085, Ghazali alikwenda kwenye baraza la Nizam al-Mulk, na huko aliwashinda wanazuoni wengi kwa hoja. Mwaka 1091 akapelekwa Baghdad. Alikuwa anasomesha wanafunzi wapatao 300. Alikuwa na jina, mali, na heshima ya watawala. Na katika saa zake za mapumziko alikuwa anasoma falsafa peke yake, bila mwalimu, ili aweze kuwajibu wanafalsafa.

Jamani, mtu akiwa hivyo nani atamuuliza kama yuko salama? Hatumuulizi. Tunamwomba dua tu, na nafasi ya kupiga naye picha.

Mwenyewe ameeleza katika kitabu alichoandika karibu na mwisho wa maisha yake, al-Munqidh min al-Dhalal, jinsi mambo yalivyokuwa ndani. Kwanza alipata shaka iliyomkamata kwa karibu miezi miwili, mpaka Allah alipomtilia nuru moyoni. Kisha akaanza kujikagua nia. Akagundua kwamba kinachomsukuma kusomesha ni kutaka cheo na sifa kuenea. Akajiona kama mtu aliyesimama ukingoni mwa mto unaobomoka.

Ikaanza miezi karibu sita ya vuta nikuvute, kuanzia Rajab mwaka 488, sawa na Julai 1095. Leo anaazimia kuondoka Baghdad, kesho anabatilisha. Asubuhi ana hamu ya akhera, jioni matamanio ya dunia yanampiga na kumrudisha. Sauti moja inamwambia umri umebaki mdogo na safari ni ndefu. Nyingine inamwambia hali hii itapita, na ukiacha cheo hiki utajuta na hutakipata tena.

Kijana uliye chuoni, hizo sauti mbili si ngeni kwako. Moja inasema acha, nyingine inasema ukiacha umekwisha. Unabaki kitandani geto, kitabu kifuani, saa nane ya usiku.

*Ulimi ukafunga*

Halafu mwili ukakataa. Ulimi wake ulifunga. Alikuwa anajilazimisha kusomesha japo siku moja ili kuwaridhisha waliokuwa wanamjia, lakini neno halitoki. Huzuni ikaingia moyoni, na huzuni ile ikaziba njia ya chakula. Kinywaji hakishuki, tonge halisagiki. Nguvu zikamwisha. Matabibu wakaja, wakakata tamaa ya dawa. Walisema tatizo limeanzia moyoni na kutoka hapo limeenea mwilini, na kwamba hakuna dawa mpaka moyo upumzike na ile dhiki.

Nataka tusimame hapa. Huyu ni mtu aliyeijua Qur'an, hadithi, fiq'hi, na usuli. Alikuwa anasali. Alikuwa anasomesha dini. Na bado moyo ulilemewa mpaka tonge halipiti kooni. Nani kati yetu atathubutu kumwambia Imam Ghazali kwamba hana imani? Basi kwa nini tunamwambia mtoto wa miaka 21?

Na watu wa Iraq walisema yao. Walioko mbali walidhani amegombana na watawala. Walioko karibu na watawala, waliokuwa wanaona jinsi wanavyombembeleza abaki, walisema hili ni jambo la mbinguni, ni jicho limewapata watu wa Uislamu. Karne 9 zimepita, na sisi wa Mara hatujabadilika sana. Mtoto akirudi kutoka chuo amenyamaza, mmoja anasema karogwa, mwingine anasema ni bangi, mwingine anasema ni jicho la jirani. Wa kumuuliza kinachomuuma hatokei.

*Alifanya nini?*

La kwanza, alikiri kuwa ameshindwa. Alipoona hana tena uwezo wa kuamua, alimkimbilia Allah kama anayekimbilia mtu aliyezidiwa asiye na hila yoyote. Allah anayemjibu aliyedhikika akamjibu, akamrahisishia kuacha cheo, mali, watoto na marafiki. Tukumbuke aya ya 186 ya Suratul Baqara imekaa katikati kabisa ya aya za funga, na inatufundisha kuwa Allah yu karibu na anamwitikia mwenye kumwomba. Haikuweka sharti kwamba kwanza uwe na furaha.

La pili, hakuwafukuza matabibu. Waliingia, wakamtazama, wakasema walichokiona, na yeye akakiandika bila kukionea haya.

La tatu, alipunguza mzigo. Mwezi wa Dhul-Qa'da 488, yaani Novemba 1095, aliondoka Baghdad. Lakini hakukurupuka. Aligawa mali yake na kubakiza ya kumtosha yeye na kuwalisha watoto wake. Mdogo wake Ahmad, yule yatima mwenzake, akashika nafasi yake ya kusomesha. Aliwaambia watu anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, kwa kuogopa wasije wakamzuia.

La nne, alikaa kimya akaponya moyo. Ameeleza kuwa alikaa Sham karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha akaenda Baytul Maqdis, akawa anaingia kila siku kwenye Kuba ya Mwamba. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.), akahiji, akazuru Madina.

Na la tano, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: alirudi nyumbani kwa sababu watoto walimwita. Amesema wazi kuwa mahitaji ya familia na riziki yalimvurugia utulivu, na kwamba ile hali safi ya moyo ilikuwa inamjia kwa vipindi tu. Lakini hakuikatia tamaa. Yaani hata yeye hakupona siku moja akawa mzima moja kwa moja. Alikuwa na siku nzuri na siku nzito, kwa miaka kama kumi.

*Kilichotoka ndani ya ukimya*

Katika miaka hiyo ndiyo aliandika Ihya Ulum al-Din, vitabu 40 ndani ya kitabu kimoja. Humo kuna mlango wa funga, ambamo amezipanga funga daraja tatu: ya kuzuia tumbo na matamanio, ya kuzuia viungo vyote na dhambi, na ya moyo wenyewe kujizuia na kila kinachoushughulisha mbali na Allah. Anayeandika hivyo ni mtu aliyewahi kushindwa kumeza maji kwa sababu ya mzigo wa moyo. Alijua anachokisema.

Aliandika pia kitabu kidogo cha Bidayat al-Hidaya, kinachoipanga siku ya mtafuta elimu tangu kuamka mpaka kulala. Kuna jambo humo vijana mtalishangaa: katika saa 24 za usiku na mchana, aliweka kipimo kwamba usingizi usizidi saa 8. Yeye alikuwa anawaonya wanaolala sana. Wewe unalala saa ngapi? Tatu? Na hizo nyingine unazo kwenye simu? Kipimo chake kina nafasi ya usingizi, kina nafasi ya kulala kidogo mchana, kina nafasi ya kazi ya riziki. Ibada haikuja kuuvunja mwili.

Na kuna risala yake maarufu, Ayyuha al-Walad, aliyomwandikia mwanafunzi aliyesoma miaka mingi kisha akauliza ni elimu ipi itamfaa kaburini. Alimjibu kwa upole wa baba, akimwita mwanangu kila baada ya mistari michache. Alimuuliza kuhusu usiku wote aliokesha akirudia masomo: alikuwa anakesha kwa ajili ya nini? Kama ni kwa ajili ya kujivuna mbele ya wenzake, ni hasara. Kama ni kuhuisha sheria ya Mtume (s.a.w.) na kuitengeneza tabia yake, basi heri kwake.

Swali hilo linapunguza uzito, wallahi. Maana mwanafunzi anayesoma ili asionekane mjinga kijijini anabeba macho ya kijiji kizima. Anayesoma ili awe muuguzi mwema, mwalimu mwema, bwana shamba mwema, anabeba kazi yake tu. Sapu kwa wa kwanza ni fedheha. Kwa wa pili ni mtihani wa kurudia.

Mwaka 499 Hijria, sawa na 1106, Ghazali alirudi kusomesha Nishapur kwa kuombwa na waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa yule Nizam al-Mulk. Ameeleza kuwa hakuona kama amerudi alikokuwa. Mwanzo alikuwa anasomesha elimu ya kuchuma cheo, na sasa anasomesha elimu ya kukiacha. Baadaye akarejea Tus, akajenga madrasa karibu na nyumba yake pamoja na mahali pa waja wa Allah. Alifariki Jumatatu, 14 Jumada al-Akhira 505, ambayo ni Desemba 18, 1111. Imepokewa kutoka kwa mdogo wake Ahmad kwamba asubuhi ile alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, kisha akanyoosha miguu kuelekea kibla. Rahimahullah.

*Basi sisi tufanye nini?*

Wazazi, wajomba, shangazi: mpigieni simu leo mtoto aliyeko chuoni. Msianze na matokeo. Muulizeni amekula nini daku. Muulizeni analala. Akikuambia mambo ni magumu, nyamaza umsikilize. Usimpige na aya. Aya ni dawa, na dawa haipigwi kama jiwe.

Vijana: sala tano, adhkari za asubuhi na jioni, na kurasa chache za Qur'an zinaushika moyo, msiziache. Na pia semeni. Semeni kwa mama, kwa rafiki wa kweli, kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, kwa imamu. Kama usingizi umepotea wiki nyingi, chakula hakipiti, au unatamani usiamke, nenda hospitali ukamwambie daktari hivyo hivyo, usiseme kichwa kinauma tu. Na ikiwa mawazo ya kujidhuru yamekujia, usikae peke yako hata saa moja, mwite mtu sasa hivi. Daktari akikwambia ule au unywe dawa mchana, mgonjwa ameruhusiwa na Allah mwenyewe kufungua na kulipa siku nyingine. Kufuata ruhusa hiyo ni ibada.

Na sisi wa msikitini: kumi la mwisho linakuja na itikafu yake. Kijana akija kukaa pembeni ya nguzo peke yake, mpe nafasi yake, lakini mpelekee futari na umwambie karibu. Ghazali alikuwa na mnara wa Damascus. Vijana wetu wana sisi.

Mpwa wangu? Tulikwenda naye hospitali, mimi na mama yake. Nilimwomba radhi kabla ya kuingia kwa daktari, pale kwenye benchi. Aliahirisha masomo mwaka mmoja, akawa anamsaidia mama yake Mwigobero, akirudi anasoma kidogo kidogo. Sasa amerudi chuo. Siku zake zote si nzuri. Jana usiku baada ya tarawehe alinitumia ujumbe kwamba leo ni siku nzito, mjomba niombee. Nikampigia, tukaongea mpaka akacheka.

Ewe Allah, uliyemfungua ulimi Imam Ghazali baada ya kufunga, wafungulie vijana wetu vifua vyao. Wape usingizi, riziki ya halali, na mtu wa kuwasikiliza. Utusamehe sisi tulioharakisha kuhukumu. Amin.

Funga njema. Ukiona kuna mtu inamfaa, mtumie. Kesho in shaa Allah tutaanza kumi la maghfira.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.